Komredi, grafu yako ya sumu ichore mwenyewe

Mwaka wa mwisho chuoni nilimlipa jamaa wa saiba elfu tatu anichambulie data. Akanirudishia namba moja: LC50 ya dawa yangu ya mizizi ni mikrogramu 240 kwa mililita. Nikaibandika kwenye tasnifu, nikaenda kujitetea. Mhadhiri akauliza, "Hiyo 240 inaweza kuwa kuanzia ngapi hadi ngapi?" Nikatoa macho tu.

Kwa usiyejua, tunaweka uduvi wachanga wa Artemia kumi kumi kwenye chupa zenye dozi tofauti, kisha baada ya saa 24 tunahesabu waliokufa. LC50 ni kiwango kinachoua nusu yao. Sasa fikiria mizizi ile ile inauzwa stendi kwenye chupa za soda, na watu wanaifakamia.

Mimi nasema hivi: acheni SPSS ya wizi ya kupeana kwa flashi, na acheni kununua namba. R ni ya bure kabisa, na ina kifurushi kiitwacho drc, kilichoundwa kwa kazi hii hii. Lakini bure si kwamba itakufikiria. Usipoandika type = "binomial", drc inadhani data yako ni vipimo vya kawaida, kama vile urefu au uzito, wala si idadi ya waliokufa kati ya wote. Na haitakupigia kelele ng'o! Itakupa jibu, tena lenye desimali za kuvutia.

Halafu kuna chupa isiyo na dawa, ile wengi wetu huisahau. Tuseme humo walikufa asilimia 10, na kwenye dozi yako asilimia 55. Kanuni ya Abbott ya 1925 inasema utoe 10 kwenye 55, ugawanye kwa 90. Unabaki na nusu. Jamaa wangu hakuniuliza kama nilikuwa na chupa hiyo.

Niliporudia hesabu mwenyewe, 240 ikawa popote kati ya 95 na 610. Kosa langu lilianzia maabara: dozi tatu pekee, 10, 100 na 1,000. Jibu limeangukia pengo ambalo sikupima hata chupa moja. Programu gani ingeniokoa hapo?

Kama bado hujafunga maabara, ongeza dozi mbili tatu katikati. Uduvi hawa wanaanguliwa kwa siku moja au mbili tu.