Hesabu za Mlima Zifanywe Nyumbani

Alfajiri ya tarehe 3 Desemba, 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka. Tope, mawe na magogo viliporomoka hadi vijijini na katika mji mdogo wa Katesh. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Wataalamu wa Serikali walieleza kwamba miamba dhaifu ilinyonya maji hadi ikashindwa kujishikilia. Maelezo hayo yalikuja wakati maiti zikitafutwa topeni. Je, hesabu za aina hiyo haziwezi kufanywa mapema, tena na vijana wetu wenyewe?

Tunaamini zinawezekana. Zipo programu za kompyuta zinazoiga kazi za kihandisi. OpenFOAM, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2004, hukokotoa mwendo wa maji na tope. Code_Aster ya shirika la umeme la Ufaransa hupima kama ukuta, daraja au udongo utastahimili uzito. CAELinux ni mfumo endeshi uliozikusanya programu hizo pamoja, na waweza kuwashwa bila kugusa kilichomo ndani ya kompyuta. Hauuzwi, na msimbo wake u wazi kwa kila mtu kuusoma, kuurekebisha na kuugawa.

Lakini toleo jipya la mfumo wa namna hii hupangwa kwa mahitaji ya wale waliopo mezani. Asiyekuwapo husahauliwa. Wapangaji huchagua msingi mpya, huingiza programu mpya na kuondoa zilizochakaa. Mfumo hunenepa, ukadai mashine yenye nguvu na intaneti ya kasi. Mwanafunzi wa Mbulu mwenye kompyuta kuukuu hubaki nje ya mlango ulioandikwa "karibuni wote".

Kwa hiyo vyuo vyetu vikuu havina budi kushiriki katika kupanga, si kusubiri kupokea. Vidai toleo linalofanya kazi bila intaneti, lenye maelekezo ya Kiswahili na mifano ya miteremko, makorongo na kingo za mito. Kiswahili hakishindwi: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa programu za ofisi za Jambo OpenOffice kwa lugha yetu.

Hanang inalijua somo la utegemezi. Katika miaka ya 1970 na 1980 mashamba makubwa ya ngano yalilimwa huko kwa mitambo na msaada wa Kanada, huku Wabarbaig wakipoteza malisho yao. Mtambo ambao ufunguo wake uko kwa mwingine haujengi kujitegemea.

Wala tusidanganyike kwamba kompyuta ni mganga. Ikipewa vipimo vibovu hutoa jibu bovu lenye sura nzuri. Lazima mvua ipimwe, udongo uchimbwe, na wazee waulizwe. Wairaqw wa Mbulu wamelima miteremko mikali kwa vizazi vingi; wanajua maji yanapopita.

Msomaji wa Visiwani atauliza: mlima wa Hanang unatuhusu nini? Unatuhusu sana. Kuanzia mwaka 2016 Unguja na Pemba zilipigwa picha kwa ndege zisizo na rubani, na vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walishiriki. Ujuzi huo twaweza kuwaazima ndugu zetu wa Manyara, nasi tukajifunza kwao hesabu za kuta zinazopigwa na bahari.

Tena tunalo kovu letu. Tarehe 10 Septemba, 2011, meli ya Spice Islander ilizama baina ya Unguja na Pemba ikiwa imejaa kupita kiasi. Uwezo wake ulijulikana. Kilichokosekana ni utii kwa hesabu.

Ndiyo sababu neno letu la mwisho ni kwa viongozi, Bara na Visiwani. Wahandisi wapewe vifaa, vipimo na muda. Na siku watakapoleta jibu kwamba mteremko fulani haufai kujengwa, jibu hilo lisifungiwe kabatini. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na Katesh imetuonyesha kwamba wengine hawakubaki kuujenga.