Nyumba za Mawe za Lamu Zina Wenyewe

Nyumba ya mawe katika mji wa kale wa Lamu haianguki kwa uzee. Huangushwa na uzembe, na wazembe wenyewe wanajulikana.

Tazama namna ilivyojengwa. Kuta ni za matumbawe yaliyoshikamanishwa kwa chokaa, na chokaa yenyewe ni matumbawe yaliyochomwa. Boriti za mikoko hupangwa kutoka ukuta hadi ukuta, na urefu wa boriti ndio unaoamua upana wa chumba; ndiyo maana msana na ndani ni vyumba virefu na vyembamba. Juu ya boriti huja vipande vya mawe, kisha zege la chokaa hushindiliwa. Ukuta wa namna hii hunywa unyevu wa masika na kuutoa jua likiwaka. Ukiupaka saruji umeufunga. Maji na chumvi hubaki ndani, lipu huvimba na kubanduka, na inapobanduka kwenye zidaka, vishubaka vya ukutani, huondoka na nakshi ambayo mafundi wa kuirudisha wamebaki wachache. Wakati huo vichwa vya boriti vilivyofukiwa ukutani vinaoza bila kuonekana, na chini ya dari hiyo kuna watoto waliolala.

Hayo si mapya. Mwaka 1986 wataalamu wa uhifadhi Francesco Siravo na Ann Pulver walikwisha kuchapisha mpango wa kuuhifadhi mji huu. Mwaka 2001 UNESCO iliuingiza katika Urithi wa Dunia. Kenya ikapitisha Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi mwaka 2006. Anayeshika dhamana leo hawezi kusema hakuambiwa.

Wa kwanza kuulizwa ni wenye nyumba. Tunaujua uzito wa mirathi: nyumba moja, warithi kumi, huyu yuko Mombasa, yule yuko Uarabuni, na fedha za kumlipa fundi hazipatikani kwa mkupuo. Lakini kodi ya wageni inapoingia kila mrithi hujitokeza kudai fungu lake. Dari inapovuja, wote hunyamaza. Hilo halikubaliki. Fungu la matengenezo litengwe kabla kodi haijagawanywa, na warithi wamwandike mmoja wao kuwa msimamizi. Wala mtu asipandishe tangi la maji au ghorofa ya ziada juu ya kuta ambazo hakuna aliyezipima.

Serikali ya kaunti na Makumbusho ya Taifa ya Kenya haziwezi kukaa pembeni. Kibali cha ujenzi kisitolewe mpaka nyumba ikaguliwe na mtu anayeijua chokaa, na ukaguzi urudiwe kazi ikiwa inaendelea, maana makosa mengi hufanyika baada ya karatasi kutiwa muhuri. Tena haitoshi kukataza saruji. Mwenye nyumba maskini huichukua kwa sababu iko dukani na inakauka upesi. Chokaa na boriti halali zipatikane kwa bei anayoiweza, na vijana walipwe wanapojifunza kazi kwa mafundi wazee wangali hai.

Zanzibar imetuonyesha gharama. Beit al-Ajaib, jumba la Sultan Barghash la mwaka 1883, lilikuwa mashuhuri kuliko yote katika Mji Mkongwe, tena lilikuwa katika matengenezo. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake iliporomoka na watu wawili wakafa. Lile lilikuwa jumba lililotazamwa na dunia nzima. Sisi tunazungumzia nyumba isiyo na jina, ndani ya kichochoro ambamo punda na mpita njia hupishana kwa shida. Ukuta wake ukilala, hakuna pa kukimbilia.

Kwa hiyo tunataka dari na paa za nyumba zote za mawe zikaguliwe kabla ya masika yajayo, na orodha ya zilizo hatarini ibandikwe hadharani, ngomeni na misikitini. Mwenye nyumba asiye na uwezo asaidiwe. Mwenye uwezo anayekaidi ashtakiwe, na ofisa aliyemfumbia macho asimamishwe naye mahakamani.