Brisbane wanamjua koala wao. Wakongomani wengi wanamjua okapi wa redio

Mtoto wa Kikongomani anayekulia Brisbane, nchini Australia, ana nafasi kubwa ya kumlisha kangaruu mkononi kabla ya kumuona gorila wa Kahuzi-Biega kwa macho yake. Wazazi wake walitoka Uvira, Fizi au Rutshuru, wakapitisha miaka katika kambi za Burundi, Tanzania au Uganda, mwisho wakapata nafasi ya kwenda kuanza maisha upya mbali na vita. Leo mtoto wao anajua jina la mnyama anayebeba mtoto ndani ya mfuko wa tumbo. Akiulizwa juu ya okapi, atajibu kwamba ni redio ambayo baba anasikiliza.

Hakuna haja ya kumcheka. Mwenzake aliyebaki Goma, Bukavu au Bunia hana tofauti kubwa naye. Jina la Radio Okapi linajulikana tangu mwaka 2002 katika kila mtaa, lakini mnyama mwenyewe, ambaye hakuna nchi nyingine duniani anayoishi porini isipokuwa RDC, ameonekana na wakaaji wachache sana. Swali ni kwa nini mji wa Australia umefaulu kuwakutanisha watu wake na wanyama wao, na kama kukutana huko kunasaidia kitu.

Mahali penyewe panaitwa Lone Pine. Ni bustani ya wanyama iliyo kando ya mto Brisbane, karibu kilomita 12 kutoka katikati ya mji. Mtu anaweza kufika kwa basi la kawaida la abiria au kwa boti ya mtoni. Haihitaji safari ya siku mbili wala kuomba askari wa kumsindikiza. Ndani kuna koala zaidi ya 100, kangaruu wanaotembea huru kwenye uwanja wa majani, emu, dingo, wombati na shetani wa Tasmania. Kuna pia yule mnyama wa ajabu mwenye mdomo kama wa bata, anayetaga mayai na bado ananyonyesha watoto wake, ambaye Waaustralia wamemchora kwenye sarafu yao ya senti 20.

Kitu kinachomshangaza Mkongomani anayefika pale mara ya kwanza ni kwamba anakosa simba, tembo na twiga. Mahali pale pamejengwa juu ya wanyama wa Australia. Kiingilio si bure, na familia yenye watoto wengi lazima ihesabu franka zake kabla ya kutoka nyumbani. Hata hivyo mtoto wa fundi, wa muuguzi na wa dereva wa taksi wanaweza kusimama mbele ya mnyama ambaye ni alama ya nchi yao. Hilo peke yake ni jambo kubwa.

Ilianza na ngozi

Lone Pine ilianzishwa mwaka 1927 na mtu mmoja aliyeitwa Claude Reid, akiwa na koala wawili tu, Jack na Jill. Mwaka huo si wa bahati nasibu. Mwezi Agosti 1927, serikali ya jimbo la Queensland ilifungua msimu wa kuwinda koala. Katika mwezi mmoja tu, zaidi ya nusu milioni ya koala waliuawa, ngozi zao zikauzwa nje ya nchi kwa ajili ya makoti na kofia.

Sababu iliyotolewa inafanana sana na zile zinazosikika Kivu: watu ni maskini, maisha ni magumu, waachwe wapate kidogo. Na kweli walikuwa maskini. Lakini walimu, viongozi wa kanisa, magazeti na wakaaji wa kawaida walipaza sauti kupinga. Tangu mwaka huo Queensland haijafungua tena msimu wa kuwinda koala. Kizazi cha watu waliokula kwa ngozi ya koala kilifuatwa na vizazi vilivyopanga foleni kulipa ili wapigwe naye picha.

Kwa hiyo wale wanaosema bustani za wanyama ni gereza la kuchezea watalii wanasema nusu ya ukweli. Mtu hawezi kutetea kitu asichokijua. Mnyama akibaki hadithi ya babu au nyama sokoni, siku atakapoisha hakuna atakayelia.

Nusu nyingine ya ukweli

Lakini Australia hiyo hiyo inaonyesha mpaka wa mapenzi ya aina hii. Mwezi Februari 2022, serikali ya Australia ilitangaza kwamba koala wa Queensland, wa New South Wales na wa eneo la mji mkuu Canberra wako hatarini kutoweka. Mnyama anayependwa kuliko wote, mwenye picha kwenye kila kadi ya posta, alikuwa anaisha nje ya uzio huku watu wakimkumbatia ndani ya uzio.

Kilichomfikisha hapo hakikuwa bunduki. Misitu ilikatwa kwa ajili ya malisho ya ng'ombe na nyumba mpya. Barabara zilikata njia zake, magari yakamgonga, mbwa wakamshambulia, ugonjwa wa klamidia ukamfanya tasa na kipofu. Kisha ukaja moto mkubwa wa 2019 na 2020, ambao wataalamu walikadiria kwamba uliua au kufukuza wanyama karibu bilioni 3 wa kila aina.

Koala hawezi kuhama kirahisi. Anakula majani ya mikaratusi, na kati ya mamia ya aina za mti huo anachagua chache tu. Majani hayo yana sumu na nguvu kidogo sana, ndiyo maana analala hata saa 18 au 20 kwa siku. Mkaaji wa Butembo au Masisi anaujua mkaratusi vizuri: ndio unaompa makala, mbao na nguzo za nyumba. Ulitoka Australia. Kule kwao kuukata ni kumnyima koala chakula. Huku Kivu, kuupanda kando ya shamba ni njia moja ya kupunguza makala yanayotoka ndani ya Virunga. Mti mmoja una kazi mbili zinazopingana, kutegemea uko wapi. Kulinda mnyama kunaanza na hesabu ya namna hiyo: watu watapika kwa nini, watajenga kwa nini, wanyama watakula nini.

Historia ya Australia ina onyo kali zaidi. Mbwamwitu wa Tasmania, mnyama mwenye mistari mgongoni aliyebeba watoto mfukoni kama kangaruu, aliwindwa kwa malipo ya serikali kati ya 1888 na 1909, akishtakiwa kwamba anamaliza kondoo. Sheria ya kumlinda ilipitishwa tarehe 10 Julai 1936. Wa mwisho anayejulikana alikufa tarehe 7 Septemba mwaka huo huo, ndani ya bustani ya wanyama ya mji wa Hobart. Chini ya miezi miwili ilikuwa imepita. Watu wa mji walikuwa wamelipa kiingilio kumtazama. Kumtazama hakukumwokoa, kwa sababu huko porini walikuwa karibu wamekwisha.

Bustani ya mjini, basi, inaweza kuwa shule na inaweza kuwa kaburi. Kinachoamua ni kile ambacho watu wanadai wakishatoka mlangoni. Tangu Wazungu waanze kuhamia Australia mwaka 1788, zaidi ya aina 30 za wanyama wanaonyonyesha zimetoweka huko. Nchi tajiri, yenye amani na vyuo vikuu, imeshindwa kuwalinda. Hilo linapaswa kumtisha kila Mkongomani anayedhani kwamba vita vikiisha, wanyama watapona wenyewe.

Lone Pine yenyewe imeonyesha kwamba inaweza kubadilika. Kwa miaka mingi mgeni alilipa ili abebe koala na apigwe picha naye. Katikati ya mwaka 2024 bustani iliacha biashara hiyo, ingawa sheria ya Queensland haikuilazimisha. Sasa mgeni anamkaribia koala bila kumbeba, na mtunza wanyama anamweleza maisha yake. Tangu 2018 kuna pia kituo cha utafiti wa koala ndani ya bustani, kilichoanzishwa pamoja na manispaa ya mji. Kuna waliolalamika juu ya picha. Lakini mgeni anayetoka bila picha, akiwa anajua kwa nini koala anakufa barabarani, amepata zaidi ya aliyetoka na picha tu.

Kwa upande wa Kongo

Mtoto wa Antwerp, nchini Ubelgiji, anaweza kumuona okapi katikati ya mji wake. Bustani ya wanyama ya Antwerp ilipokea okapi mwaka 1919, na mpaka leo inao. Mtoto wa Mambasa, anayeishi kando ya pori la okapi wenyewe, hana mahali pa kumuona kwa urahisi. Palikuwapo. Kule Epulu, mkoani Ituri, kulikuwa na okapi 14 waliofugwa kituoni, na wageni pamoja na wanafunzi waliweza kuwatazama kwa karibu. Tarehe 24 Juni 2012 watu wenye silaha walishambulia kituo, wakaua watu na kuwapiga risasi okapi. Hakuna hata mmoja wa hao 14 aliyebaki.

Kwa hiyo haitakuwa haki kulinganisha Brisbane na Epulu kana kwamba tofauti ni uvivu. Zaidi ya walinzi 200 wa Virunga wamepoteza maisha tangu mbuga hiyo ianzishwe mwaka 1925. Barabara hazipitiki, na mgeni anayekwenda kumuona gorila hulipa mamia ya dola. Mwalimu wa shule ya msingi ambaye mshahara wake unachelewa hawezi kuwapeleka wanafunzi 50 kwa bei hiyo. Matokeo yake, mbuga zinaonekana kuwa mali ya Wazungu na ya ICCN. Jirani anazijua kwa faini, kwa risasi na kwa shamba alilokatazwa kulima. Watwa waliofukuzwa Kahuzi-Biega katika miaka ya 1970 wanazijua kwa uchungu zaidi. Ni vigumu kumwambia mtu alinde nyumba ambayo hajawahi kukaribishwa ndani.

Lakini kuna mwanzo mdogo unaowezekana. Kituo cha Lwiro, Kivu Kusini, kinapokea tangu 2002 sokwe na nyani walionyang'anywa wawindaji na wafanyabiashara. Lubumbashi ina bustani yake ya wanyama ndani ya mji. Mahali pa namna hii hapahitaji hoteli wala helikopta. Panahitaji usalama, chakula cha wanyama, daktari wa mifugo, na mlango ambao mwanafunzi anaweza kuingia kwa bei ya wazazi wake. Mkoa unaoweza kununua magari ya viongozi unaweza kulipia basi la wanafunzi mara moja kwa mwaka. Wizara inayotunga vitabu vya shule inaweza kumweka okapi kwenye somo la kwanza, kabla ya simba ambaye mtoto wa Ituri hatakutana naye.

Na pale mtoto atakapofika, aambiwe ukweli wote. Aambiwe sokwe huyu alitoka wapi, nani aliua mama yake, na nani alinunua nyama. Aambiwe makala ya nyumbani kwao yanatoka wapi. Aambiwe pia kwamba baba anayechoma makala si adui, ila anahitaji kazi nyingine au miti yake ya kupanda. Ziara isiyogusa mambo hayo itakuwa matembezi ya Jumapili, na Australia imeshathibitisha kwamba matembezi ya Jumapili hayatoshi.

Tembo yuko kwenye noti ya franka 100, na okapi yuko kwenye alama ya ICCN. Noti ile imechakaa, na leo hainunui kitu sokoni. Wanyama wenyewe hawapaswi kufika huko. Familia za Wakongomani wanaoishi Brisbane zinaweza kusaidia kwa jambo dogo: wakiwapeleka watoto kumuona koala, wawaambie njiani kwamba nyumbani kuna mnyama mwenye miguu ya pundamilia na shingo ndefu, ambaye ni jamaa wa twiga, na kwamba bado yuko hai katika msitu wa Ituri. Waliobaki nyumbani wana kazi kubwa zaidi, ya kuhakikisha kwamba mtoto huyo akirudi siku moja, maneno hayo yatakuwa bado ya kweli.