Baridi ya Julai: Samaki hali, wewe unamwongezea pumba

Saa kumi na mbili asubuhi, mwezi Julai, kijiji kimoja cha milima ya Upare. Ukungu umefunika migomba. Mtoto wa darasa la tano, sweta juu ya sare ya shule, anateremka bwawani na kopo la pumba za mahindi. Nyuma yake baba anapaza sauti: "Leo wape makopo mawili, naona hawakui hao."

Mtoto anatii, baba akishasema. Kesho yake pumba za jana bado zinaelea, zimevimba na kunuka. Siku ya nne samaki watatu wanakutwa matumbo juu, na tayari kuna anayenong'ona kwamba bwawa limetiliwa sumu.

Sumu haipo, ni kipupwe tu.

Samaki hana joto lake mwenyewe kama binadamu. Mwili wake hufuata joto la maji. Sato, au perege kama wengi wanavyomwita huku Kilimanjaro, hustawi maji yakiwa kati ya nyuzi joto 25 na 30. Yakishuka chini ya 20 hamu ya kula hupungua, yakikaribia 16 huacha karibu kabisa, na yakishuka chini ya 12 uhai wenyewe uko hatarini. Kambale naye hupenda joto, ingawa ni mvumilivu zaidi kwa maji machafu.

Sasa pima mwenyewe. Kila unapopanda mita 1,000, hewa hupoa kwa takribani nyuzi sita. Anayefuga samaki tambarare za Same na ndugu yake anayefuga juu huko Chome, chini ya kilele cha Shengena chenye mita 2,462, hawawezi kutumia kopo moja mwaka mzima, hata kama walihudhuria semina moja.

Pumba zisizoliwa huzama na kuoza, na kuoza huko hula hewa ya oksijeni iliyomo majini. Siku za ukungu mwani wa kijani haupati jua la kutosha kutengeneza nyingine. Usiku bwawa zima linavuta na hakuna anayezalisha, kwa hiyo alfajiri ndiyo saa mbaya kuliko zote. Ukiona samaki wamejaa juu wanatweta midomo wazi kabla jua halijatoka, usidhani wanaomba chakula.

Dawa yake haina gharama. Lisha mara moja kwa siku, kati ya saa tano asubuhi na saa tisa alasiri, maji yakiwa yameota jua. Anza na nusu ya kipimo cha kawaida. Mwaga kidogo upande mmoja, usubiri dakika kumi na tano. Kikibaki, umezidisha. Siku ya ukungu mzito usilishe kabisa. Samaki mkubwa hafi njaa kwa siku mbili tatu. Samadi pia ipunguze. Kama bwawa linaingiziwa maji ya kijito cha mlimani, usiache yamiminike usiku kucha, maana ndiyo yanayolipoza. Na kama hakuna lazima, usivute wavu wala kuhamisha vifaranga: samaki aliyechubuka kwenye baridi huota kuvu kama pamba kwenye jeraha.

Kipimajoto cha maji kinasaidia sana. Kile cha kumpimia mtoto homa hakifai, vipimo vyake huanzia juu ya nyuzi 30.

Wanaovua kwa ndoano, iwe bwawani nyumbani au kule Kalimawe, wataona mabadiliko hayo hayo. Donge kubwa la ugali lililotosha mwezi Februari sasa linaguswa na kuachwa. Perege aliyepoa hafukuzi chambo, kwa hiyo weka kipande kidogo cha mnyoo kwenye ndoano ndogo, mchana, upande uliopigwa na jua. Kambale hutafuta kwa harufu na sharubu. Utumbo wa kuku ulioachwa chini utamvuta kuliko ugali.

Kuna jambo linalomhusu mzazi kuliko mfugaji. Ratiba ya mchana inamwondoa mtoto bwawani alfajiri, na hilo lina uzito kuliko kilo za samaki. Kingo za udongo zina umande na zinateleza, ukungu unaziba macho, na hakuna mtu mzima wa kusikia akianguka. Maji ya mita moja na nusu yanamzidi kimo mtoto wa darasa la tano. Kulisha samaki iwe kazi ya mtu mzima, na bwawa liwe na uzio, hata wa fito.

Ghalani nako patazamwe. Unyevu wa msimu huu huotesha kuvu kwenye pumba na mashudu, na kuvu nyingine huzalisha sumukuvu, ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Kupika hakuiondoi. Magunia yawekwe juu ya chaga, mbali na ukuta, na yasikae chumba kimoja na unga wa lishe wa mtoto. Pumba zenye kuvu zisihamishiwe kwa kuku wala samaki eti zisipotee. Zifukiwe.

Na samaki wakidumaa hadi Agosti, mboga ya watoto isiwasubiri. Makande yenye maharage ya kutosha, kunde, dagaa wa sokoni Same, yai likipatikana, vitaziba pengo.

Joto likirudi Septemba, ongeza chakula taratibu kwa wiki mbili. Uchafu uliolala chini miezi yote hiyo nao utaanza kuoza kwa kasi, hivyo punguza maji ya chini na kuingiza mapya kabla ya kurudi kwenye kopo zima.