Sikumuuliza Jina

Na Mwajuma Nahimana

Nina chungu jikoni kwangu hapa Gihosha, Bujumbura, ambacho kimepika maharagwe kwa miaka sita bila kupasuka. Nilikinunua langoni kwa mama mmoja wa Kibatwa aliyepanda kilima na vyungu vitatu kichwani. Alikigonga kwa kifundo cha kidole ili nisikie mlio wake, maana chungu chenye ufa hakilii vizuri. Tukapatana bei, nikalipa, akaenda. Sikumuuliza jina.

Jina ninalolijua ni la mfinyanzi wa mbali. Margit Kovács alizaliwa Győr, Hungaria, mwaka 1902. Alifinyanga vyombo na sanamu, hasa akina mama na watoto wao. Mwaka 1973 lilifunguliwa jumba la makumbusho la kazi zake huko Szentendre, mji mdogo kando ya mto Danube. Alifariki mwaka 1977. Maana yake ni kwamba aliiona heshima hiyo kwa macho yake, wala haikungoja kaburi.

Mtu ataniambia kwamba Ulaya ni Ulaya. Basi tumtazame Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950. Alisoma sanaa Uingereza, lakini katika miaka ya 1970 alikwenda Abuja, Nigeria, kujifunza kufinyanga kwa mkono, na miongoni mwa walimu wake alikuwamo Ladi Kwali. Hatumii gurudumu. Huliinua donge la udongo kwa vidole, huongeza pingili juu ya pingili, hukwangua kwa kipande cha kibuyu, husugua mpaka udongo ung'ae, kisha huchoma. Akitaka chungu cheusi, hukirudisha katika moto ulionyimwa hewa. Mwaka 2019 jumba la The Hepworth Wakefield, Uingereza, lilionyesha vyungu vyake zaidi ya 50. Mwaka uliofuata akatunukiwa cheo cha Dame.

Nikisoma jinsi anavyofanya kazi, namwona yule mama wa langoni. Naye huchimba udongo bondeni, huutoa mawe, huukanda, huuviringisha na kuujenga kwa mkono, huanika, kisha huchoma kwa nyasi na kuni palepale uwanjani, bila tanuri. Ni ufundi mgumu. Moto ukipanda haraka, kazi ya siku nyingi hupasuka kwa dakika chache.

Na ufundi huu katika nchi zetu za Maziwa Makuu haukuanza jana. Vyungu ambavyo waakiolojia huviita Urewe, vyenye michoro shingoni na mara nyingi kibonyeo kitakoni, vilifinyangwa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, na vimechimbuliwa Burundi pia.

Waswahili husema mfinyanzi hulia gaeni. Tumeuzoea msemo huo kana kwamba Mungu ndiye aliyepanga iwe hivyo, ilhali ni sisi tuliopanga. Kuna nyumba ambazo chungu cha Mutwa, yaani mtu wa kabila la Batwa, kiliingia mpaka jikoni, lakini yeye mwenyewe hakukaribishwa kuketi wala kunywea kikombe kimoja na wenye nyumba. Katiba ya Burundi ya 2005 iliwapa Batwa viti vitatu katika Bunge la Taifa na vitatu katika Seneti. Ni jambo jema. Lakini sheria haiwezi kunifundisha namna ya kumpokea mgeni langoni, na sufuria na ndoo za plastiki zinazidi kumnyang'anya mfinyanzi wateja.

Ombi langu ni kwa wanaosimamia makumbusho yetu, Makumbusho ya Taifa ya Gitega yaliyoanzishwa mwaka 1955 na Musée Vivant hapa Bujumbura. Fanyeni maonyesho ya mfinyanzi mmoja. Nasema mmoja, kwa sababu kabila zima likiwekwa chumbani chini ya kibao kimoja, hakuna anayeonekana. Chagueni mama mmoja aliye hai, vyungu vyake 30, jina lake kamili mlangoni, na bei apange mwenyewe. Siku ya ufunguzi aketi mbele, atueleze udongo wake unatoka bonde gani.

Nawe msomaji, mfinyanzi akipita langoni kwako wiki hii, mpe kiti na maji kabla ya kuuliza bei. Kisha muulize jina, uliandike chini ya chungu.

Mimi nangoja wangu apite tena.