Wauza Jasho la Vijana na Kuliita Masomo



Tangu miaka ya 1970 vijana wetu wakimbiaji wamekuwa wakienda kusoma katika vyuo vya Marekani kwa nguvu za miguu yao. Wengi wenu mna mtoto, mpwa au jirani aliyepata barua ya namna hiyo. Barua ikija mbuzi huchinjwa, harambee ya tikiti ya ndege hufanywa, na mzazi hutembea kifua mbele. Barua husema skolashipu, husema chumba, husema chakula na vitabu. Neno kazi halimo. Leo twataka kuwaeleza kwa nini neno hilo halimo, na ni nani anenepaye kwa sababu halimo.

Tuanze na pesa. Vyuo vikuu vya Marekani hucheza michezo kwa makundi, na kila kundi wenyewe huliita konferensi. Konferensi ndiyo iuzayo haki za kutangaza michezo ya vyuo vyake: zamani kwa kampani za televisheni, na siku hizi pia kwa kampani zinazotiririsha picha kwa intaneti na kumtoza mtazamaji kila mwezi. Mwezi wa Agosti 2022 konferensi iitwayo Big Ten iliuza haki zake za miaka 7 kwa Fox, CBS na NBC kwa zaidi ya dola bilioni 7. Ndani ya mapatano hayo imo michezo 8 ya kandanda ya Kimarekani kila msimu isiyoonekana ila kwa Peacock, huduma ya intaneti ya hao hao NBC. (Big Ten maana yake ni Kumi Kubwa, na tangu 2024 ina vyuo 18. Watu hawa wanajua kuhesabu kila kitu isipokuwa wao wenyewe.) Mwaka wa 2024 ESPN nayo ilikubali kulipa dola bilioni 7.8 kwa miaka 6 ili ionyeshe mashindano ya mwisho ya kumtafuta bingwa wa vyuo katika kandanda.

Pesa hizo zatoka wapi? Hazitoki kwa maprofesa. Hakuna mtu Marekani anayelipa kila mwezi ili amwone profesa akisahihisha mitihani. Zatoka kwa vijana wa miaka 19 na 20 wanaogongana vichwa uwanjani. Na zaenda wapi? Mwezi wa Novemba 2023 chuo cha Texas A&M kilimfukuza kocha wake wa kandanda, Jimbo Fisher, na kwa mkataba wake ikabidi alipwe zaidi ya dola milioni 75. Someni tena, ndugu: alipwe ili asifanye kazi. Wachezaji aliokuwa akiwaamuru mchana kutwa hawakuwa wakipata mshahara wa chuo hata senti moja. Wazee wetu walisema mchumia juani hulia kivulini. Huko mchumaji yuko juani, na anayekula kivulini ni mtu mwingine kabisa.

Sasa hila yenyewe. Mwaka wa 1955 kijana Ray Dennison, mchezaji wa chuo cha Fort Lewis A&M katika jimbo la Colorado, aliumia kichwani mchezoni akafa. Mjane wake akadai fidia ya mfanyi kazi aliyefia kazini, jambo ambalo kila mwanachama wetu analielewa bila kufundishwa. Mwaka wa 1957 Mahakama ya Juu ya Colorado ikamnyima. Ikasema chuo hakimo katika biashara ya kandanda. Katika miaka hiyo hiyo wakubwa wa NCAA, chama kinachotawala michezo ya vyuo, walitunga jina "mwanafunzi-mwanamichezo" wakahimiza litumike kila mahali badala ya mchezaji. Si sisi tunaosema kwamba jina hilo lilitungwa kwa kuogopa fidia. Amesema Walter Byers mwenyewe, aliyekuwa mkuu wa NCAA kwa zaidi ya miaka 30, katika kitabu alichotoa mwaka wa 1995 baada ya kustaafu. Pengine dhamiri humrudia mtu pamoja na pensheni.

Hila ya namna hii sisi twaijua kwa harufu yake. Hapa kwetu mtu hufagia kiwanda kile kile miaka minane, na kitabuni ameandikwa kibarua. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, yasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa mwezi mzima hawezi tena kuhesabiwa kibarua wa siku. Basi tajiri humwachisha siku mbili kabla mwezi haujatimia, akamwita tena Jumatatu. Huyu hutumia jina kibarua na yule hutumia jina mwanafunzi, lakini wote wawili wanakimbia deni moja.

Turudi kwa wenye televisheni. Mpaka mwaka wa 1984 NCAA ndiyo iliyokuwa ikiuza kandanda ya vyuo vyote na kuweka kipimo cha michezo itakayoonyeshwa. Vyuo vya Oklahoma na Georgia vikaishtaki, na Mahakama ya Juu ya Marekani ikavipa haki. Tangu hapo kila konferensi ni duka, na kila duka lataka kulimeza la jirani.

Mfano mbaya kuliko yote ni ule wa Pac-12, konferensi ya pwani ya magharibi. Mwezi wa Juni 2022 vyuo viwili vya Los Angeles, USC na UCLA, vilitangaza kwamba vinahamia Big Ten kufuata pesa. Mwezi wa Julai 2023 Colorado nayo ikaaga. Waliobaki wakahangaika kutafuta mnunuzi wa matangazo yao, na mnunuzi aliyejitokeza alikuwa Apple, aliyetaka michezo yao ionekane kwa intaneti. Masharti yake yalikuwa hivi: kila chuo kipewe kiasi fulani cha chini, kisha kiongezewe kadiri watazamaji wanavyojiandikisha kulipa. Wakijiandikisha wengi mtapata nyingi, wakiwa wachache shauri yenu.

Ndugu zetu wa mashamba ya chai wanaijua mishahara ya namna hiyo. Inaitwa kulipwa kwa kilo. Mvua ikikataa, majani hayapo na pesa hazipo. Basi wakuu wa vyuo, mabwana wenye shahada za udaktari na joho refu, walipoambiwa nao walipwe kwa kilo, wengi wao walikimbia. Siku ya Agosti 4, 2023 Oregon na Washington waliingia Big Ten, na Arizona, Arizona State na Utah wakaingia Big 12. Mwezi uliofuata Stanford na California, vyuo vilivyo karibu na bahari ya Pasifiki, vikakubaliwa katika konferensi ambayo jina lake ni la pwani ya Atlantiki. Vikabaki vyuo viwili tu, Oregon State na Washington State, mfano wa watoto waliosahauliwa sokoni. Baadaye hao wawili walikwenda kutafuta vyuo vingine vya kujaza nafasi. Konferensi iliyoishi zaidi ya miaka mia ilivunjika katika majira ya joto ya mwaka mmoja.

Hatuwalaumu kwa kuikataa kazi ya kilo. Twauliza jambo moja tu: katika mkutano gani wachezaji waliulizwa? Tajiri akitaka kuhamisha kiwanda kutoka Thika mpaka Eldoret, ni lazima akutane na chama. Hapa vijana walihamishwa pwani mpaka pwani na habari wakazipata kwa simu kama mtu mwingine yeyote. Kutoka Los Angeles mpaka chuo cha Rutgers, New Jersey, ni kama kilomita 4,000, sawa na kutoka Mombasa mpaka Cairo. Wa kandanda husafiri mara chache katika msimu, tena kwa ndege ya kukodi. Lakini wasichana wa mpira wa wavu na vijana wengine wa michezo isiyoonyeshwa sana wanaingizwa katika safari zile zile, ilhali televisheni haikununua jasho lao. Kisha kijana arudi darasani asubuhi, maana yeye, twaambiwa, ni mwanafunzi.

Na hapa jambo hili latugusa. Chuo cha Washington State, mmoja wa wale wawili walioachwa, ndicho alichokimbilia marehemu Henry Rono. Mwaka wa 1978, akiwa mwanafunzi huko, alivunja rekodi 4 za dunia kwa siku 81: mita 3,000, mita 3,000 kuruka viunzi, mita 5,000 na mita 10,000. Kabla yake alikuwako Samson Kimobwa wa chuo hicho hicho, aliyevunja rekodi ya mita 10,000 mwaka wa 1977. Jina la chuo kile lilijulikana duniani kwa miguu ya Wakenya. Siku ya kugawana meza ya televisheni, jina hilo halikuhesabiwa kitu.

Watetezi wa mambo haya wana neno lao: vijana hupewa masomo bure, nyumba na chakula, wataka nini zaidi? Jibu liko Kericho. Mchuma chai hupewa nyumba ya laini ndani ya shamba. Je, nyumba ile yamfanya asiwe mfanyi kazi? Yamfanya awe mfanyi kazi anayeweza kutolewa nyumbani siku ile ile anayotolewa kazini. Masomo ni kitu chema, nasi hatuyadharau. Lakini malipo ya vitu ni malipo, na anayelipa ni mwajiri.

Tena wasituambie kwamba sasa mambo yamekwisha kunyooka. Ni kweli, mwezi wa Juni 2025 Jaji Claudia Wilken aliidhinisha mapatano ya kesi iitwayo House. Wachezaji wa zamani watalipwa dola bilioni 2.8 kwa miaka 10, na tangu Julai 1, 2025 chuo kinaweza kuwagawia wachezaji wake mpaka dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza. Ni hatua, na wamepata baada ya kuwaburuta wakubwa mahakamani miaka mingi. Lakini tazameni vizuri. Chuo "kinaweza", wala hakilazimiki. Na kikomo kile cha milioni 20.5 kilipatanwa na mawakili. Wachezaji wa kulipwa wa kandanda na wa kikapu nchini humo humo nao wana kikomo cha mishahara, ila chao kilitoka mezani, chama upande huu na matajiri upande ule. Pesa isiyotoka mezani ni hisani, na hisani hukatwa bila barua ya onyo.

Kuna walioliona hilo. Machi 5, 2024 wachezaji wa mpira wa kikapu wa chuo cha Dartmouth, watu 15, walipiga kura kujiunga na SEIU Tawi 560: 13 ndiyo, 2 la. Mwezi mmoja kabla yake afisa wa Halmashauri ya Taifa ya Mahusiano ya Kazi alikuwa ameamua kwamba wao ni waajiriwa, kwa kuwa chuo ndicho kiamuacho mazoezi yao, safari zao na saa zao. Katika chuo hicho hicho wanafunzi wanaogawa chakula walikwisha kuwa na chama chao. Basi akuleteaye sahani ni mfanyi kazi, na akujaziaye uwanja si mfanyi kazi! Chuo kikakataa kuketi na vijana wale. Desemba 31, 2024, serikali mpya ikiwa mlangoni na halmashauri karibu kubadilika, chama kiliondoa ombi lake, lisije likaamuliwa vibaya likawafunga wanamichezo wote wa nchi ile. Kurudi nyuma namna hiyo si kushindwa. Nasi tumewahi kuahirisha mgomo.

Wakubwa nao hawalali. Mwaka wa 2025 uliletwa bungeni Washington mswada uitwao SCORE, wenye kifungu cha kusema mwanamichezo wa chuo asihesabiwe mwajiriwa. Mwezi wa Desemba kura iliyokuwa imepangwa iliondolewa dakika za mwisho. Mtu hatungi sheria ya kukataza jambo ambalo haliko.

Mtazamaji, ambaye naye ni mfanyi kazi, hakusalimika. Mwezi wa Novemba 2025 Disney yenye ESPN iligombana na YouTube TV juu ya bei, na kwa wiki mbili wenye kulipia YouTube TV hawakuona mchezo wowote wa ESPN. Walikuwa wameshalipa.

Mwisho, mambo ya vijana wetu. Kijana mgeni mwenye viza ya masomo haruhusiwi kufanya kazi nje ya chuo bila idhini, na ndani ya chuo mwisho wake ni saa 20 kwa juma wakati wa masomo. Kwa hiyo tangu Julai 2021, wanamichezo wa Marekani waliporuhusiwa kuuza jina na sura zao kwa matangazo, Mkenya aliyekuwa akikimbia kando yao amekuwa akitazama tu. Watu wengine hutwambia, "Msidai waitwe waajiriwa, watarudishwa nyumbani." Hayo ndiyo maneno tunayoambiwa hapa kila tunapodai chochote, ati kiwanda kitahama. Chuo kinachoweza kuajiri mgeni kuosha vyombo kwa saa zile 20 kinaweza kutafuta njia ya kumlipa kwa kukimbia.

Mzazi mwenye barua ya chuo nyumbani asiitie sahihi kabla ya kuileta afisini, katibu aisome pamoja naye. Tutataka kujua nani atalipa hospitali goti likivunjika, na mpaka lini. Kama chumba na chakula vyabaki kijana asipoweza kukimbia tena. Na chuo kiko katika konferensi gani mwaka huu, safari zake ni za mbali kiasi gani. Majibu yatoke kwa chuo chenyewe kwa maandishi, si kwa kocha kwa simu.