Eti pedali za ndege ni anasa?

Wadau, leo nina hasira kidogo. Kila nikitaja pedali za kurushia ndege kwenye kompyuta, hakosekani mjuaji wa kuniambia eti hizo ni anasa za watu wa Runda, kibodi inatosha. Haitoshi!

Binamu yangu mdogo hapa Meru anataka kuwa rubani. Mwaka mzima amekuwa akitumia FlightGear, ile programu ya bure, kupaa kwa kibodi kutoka Wilson, kupita Embu, Mlima Kenya ukiwa kushoto, na kutua Isiolo. Siku moja nikamzimia msaada wa kompyuta unaoanisha usukani wa mkia na mabawa. Cessna 172 yake ikahepa kushoto, ikaingia nyasini kabla hata ya kupaa. Ndege halisi ni vivyo hivyo: injini ikivuta kwa nguvu zote pua huenda kushoto, na mguu wa kulia ndio huirudisha. Akienda shule ya urubani na miguu isiyojua lolote atajifunza hilo kwa saa za kulipia, na saa ya ndege si nauli ya matatu.

Za dukani ni ghali, nakubali. Ndiyo maana tulitengeneza zetu. Seremala mmoja wa Embu alitukatia mbao na kutia bawaba. Tukaongeza springi mbili, potenshiometa moja ya omu 10,000, na kibao cha Arduino Leonardo, ambacho kwa programu ndogo tu kompyuta hukiona kama joistiki. (Uno haifanyi hivyo moja kwa moja. Usidanganywe dukani.)

Kazi iko kwenye kupima. Potenshiometa yetu huzunguka nyuzi 270 hivi, pedali nyuzi 60 tu, kwa hiyo kati ya 0 na 1023 tunapata namba kama 227. Usipoionyesha programu mwisho wa kushoto, katikati na mwisho wa kulia, utakanyaga mpaka mwisho na usukani usifike hata robo ya mwendo wake. Tena namba zikitetemeka, wengi hupanua eneo la katikati lisilosikia mguu. Kosa kubwa! Hapo katikati ndipo mguu hufanya kazi ndege ikikimbia kupaa. Mimi huchukua wastani wa vipimo 8, mtetemo unatulia.

Jumapili alijaribu mara tatu. Mbili nyasini. Ya tatu, tairi la mbele lilishika mstari wa katikati mpaka ndege ikapaa, na msaada wa kompyuta ulikuwa umezimwa.